Binti au Mtumishi?

Tarehe 18 Mei 1894, ndani ya hekalu la Salt Lake City huko Utah, Marekani, kulifanyika ibada iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mwanamke Mweusi aliunganishwa na familia ya Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, ili awe mtumishi wake milele. Si hadi kustaafu, si hadi kifo. Milele na milele. Joseph Smith mwenyewe alikuwa amekufa karibu miaka 50 iliyotangulia, kwa hiyo mtu mwingine alisimama kwa niaba yake. Hilo linaeleweka. Lakini huyo mwanamke alikuwa hai, akiishi mji huo huo, na bado naye alisimamiwa na mtu mwingine, mwanamke mzungu, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kuingia kwenye ibada hiyo. Aliapishwa utumishi wa milele akiwa nje ya mlango.

Jina lake lilikuwa Jane Manning James. Wakati huo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Alikuwa amefua nguo za watu tangu ujana, amevuka nusu ya bara kwa miguu na kwa magari ya maksai, na kwa takriban miaka kumi alikuwa akiomba, kwa barua na kwa mdomo, aingizwe katika familia hiyo kama mtoto. Hili ndilo jibu alilopewa. Familia utapata, mama, ila utapitia mlango wa jikoni.

Nikiwasimulia watu kisa hiki, wengi wa rika langu hunikatiza kabla sijamaliza. "Kwani alikuwa anangoja nini? Si angetoka tu?"

Ni swali zuri, na sitaki kulipita haraka. Sisi ni kizazi cha kutoka. Tunatoka kwenye magrupu ya familia usiku wa manane, tunatoka kwenye kazi, kwenye ndoa, kwenye makanisa ya wazazi wetu. Tumefunzana kwamba mahali pasipokuthamini ni pa kuachwa, na kwamba anayebaki ama anaogopa ama hajajijua. Mara nyingi hilo ni kweli. Lakini nikimtazama Jane kwa makini, naona swali letu limeacha nje kitu muhimu. Ili tukione, lazima tumfuate tangu mwanzo.

Alizaliwa Wilton, jimbo la Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1820. Alizaliwa huru, lakini mama yake alikuwa amezaliwa mtumwa. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa kuishi na kufanya kazi katika nyumba ya wazungu. Huko alijifunza kupika, kufua na kupiga pasi, kazi ambazo zingemlisha maisha yake yote. Akiwa msichana alipata mtoto wa kiume, Sylvester. Baba ya mtoto ni nani? Hakuwahi kumtaja hadharani. Maswali aliulizwa, na siri akaondoka nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1840 akamsikia mhubiri wa Kimormoni, akaamini, akabatizwa. Mwaka 1843 yeye na jamaa zake, akiwemo mama yake na ndugu zake, wakaanza safari kwenda Nauvoo, Illinois, mji ambao Wamormoni walikuwa wakijijengea kando ya mto Mississippi. Walisafiri na waumini wazungu hadi Buffalo, New York. Hapo watu Weusi wakakataliwa kupanda chombo. Wazungu wakaendelea kwa maji. Jane na jamaa zake wakaendelea kwa miguu, maili 800, sawa na karibu kilomita 1,300. Pima mwenyewe: kutoka Nairobi hadi Mombasa, urudi Nairobi, halafu uanze tena kuelekea Mombasa hadi upite Makindu, na bado hujafika.

Viatu vikaisha. Nyayo zikapasuka hadi wakawa wanaacha alama za damu ardhini. Jane alisimulia baadaye kwamba walisimama, wakaomba, na miguu ikapona. Walipofika Peoria, wenye mamlaka wakadai hati za kuthibitisha kwamba wao ni watu huru, wakatishia kuwatia ndani. Hati gani? Jane na ndugu zake hawakuwa wamewahi kuwa watumwa ili wapewe hati za kuachiliwa. Mwishowe wakaachwa wapite.

Walipowasili Nauvoo, Joseph Smith aliwapokea nyumbani kwake, akamtaka Jane asimulie safari mbele ya watu. Siku zilizofuata jamaa zake wakapata makao huku na kule. Jane akabaki, analia, hana pa kwenda, na sanduku lake la nguo lililotangulia kwa chombo limepotea. Smith akamwambia kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Akakaa, akawa anafua na kufanya kazi za ndani.

Siku moja mke wa Smith, Emma, akamuuliza Jane kama angependa aingizwe katika familia yao kama mtoto wao. Alikuwa anazungumzia ibada ya kidini, ya kuunganishwa hadi maisha yajayo. Jane hakuelewa alichokuwa anaulizwa. Emma akampa muda afikirie, kisha akamuuliza tena. Jane akasema hapana.

Juni 1844 Joseph Smith akauawa na kundi la watu katika jela ya Carthage. Ile "hapana" ya msichana aliyekuwa hajaelewa swali ikabaki pale pale, na Jane aliishi nayo zaidi ya miaka 60.

Baada ya mauaji hayo Jane akaingia kufanya kazi katika nyumba ya Brigham Young, aliyechukua uongozi wa kundi kubwa la Wamormoni. Akaolewa na Isaac James, Mweusi huru kama yeye. Wamormoni walipofukuzwa Illinois, wawili hao wakaondoka nao kuelekea magharibi, mtoto wao Silas akizaliwa njiani mwaka 1846. Septemba 1847 wakafika bonde la Salt Lake. Kundi la kwanza kabisa lilikuwa limeingia miezi miwili tu kabla yao, na ndani yake mlikuwa na wanaume watatu Weusi: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Wote watatu walikuwa watumwa. Ukisikia basi hadithi ya mashujaa waliotafuta uhuru wa kuabudu jangwani, kumbuka kwamba baadhi yao walifika huko wakiwa mali ya wenzao.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya njaa. Mwaka 1849 jirani yao, Eliza Lyman, aliachwa na mumewe aliyeitwa kazi ya kanisa California, na nyumbani hapakuwa na unga. Jane akampa ratili mbili hivi. Eliza aliandika katika shajara yake kwamba hiyo ilikuwa karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao Jane. Nusu! Yule mwanamke mzungu alikuwa mke wa mmoja wa viongozi wakubwa wa kanisa. Yule aliyempa alikuwa dobi.

Miaka mitatu baadaye, 1852, mambo mawili yakatokea. Bunge la Utah likapitisha sheria iliyohalalisha utumwa katika eneo hilo. Na Brigham Young, yule yule ambaye Jane alifanya kazi nyumbani kwake, akatangaza kwamba mwanamume mwenye asili ya Afrika hawezi kupewa ukuhani. Sababu? Laana ya Kaini. Baadaye marufuku hiyo ikawafunga Weusi wote, wanaume kwa wanawake, wasipate ibada za juu za hekaluni. Tena haikuwa hivyo tangu mwanzo: Elijah Abel, Mweusi, alikuwa amepewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Mlango haukujengwa umefungwa. Ulifungwa na watu wakiwa ndani, na Jane akiwa tayari ameshafika.

Hapo ndipo vijana wenzangu wanasema: basi, ishara gani nyingine alikuwa anataka?

Lakini ili uelewe alichokuwa anaomba, lazima uelewe imani yenyewe. Kwa Wamormoni, hekalu si jumba la kuvutia la kufungia ndoa tu. Wanaamini kwamba familia zinazounganishwa kwa ibada za hekaluni zinabaki familia hata baada ya kifo. Mume na mke, mzazi na mtoto, kiungo kwa kiungo. Bila ibada hizo, vifungo vya damu havina uhakika ng'ambo ile.

Sasa mwangalie Jane kama mama. Alizaa watoto wanane. Hadi anakufa, alikuwa amewazika wote isipokuwa wawili. Ndoa yake na Isaac ilivunjika karibu mwaka 1870, baada ya miaka mizuri ambapo walikuwa wamepata ardhi na mifugo. Akaolewa tena, na ndoa hiyo nayo haikudumu. Isaac alirudi Utah uzeeni, akafa 1891, na mazishi yake yakafanyika nyumbani kwa Jane. Mke aliyeachwa ndiye aliyempa mumewe mahali pa kuagwa.

Kwa hiyo "si angetoka tu" ina gharama ambayo sisi tuliosimama nje hatuioni. Kwa imani yake, funguo za kuwapata tena watoto wake zilikuwa ndani ya jumba lile lile lililomkataa. Mtu akikuambia uondoke mahali palipokunyima hati ya shamba la baba yako, kabla hujaondoka utamuuliza: na shamba?

Naomba nieleweke. Huhitaji kuamini anachoamini Jane ili kuona uzito wa hoja hii. Mimi sijaribu kukuuzia dini yake. Ninachosema ni kwamba heshima ya kwanza tunayoweza kumpa mtu ni kupima uamuzi wake kwa mizani ya vitu anavyovipenda yeye, kabla ya kuupima kwa mizani yetu.

Kuna jibu la pili ambalo ni zito zaidi, nalo linatoka upande wa wanafalsafa. Watu wanaoonewa kwa muda mrefu, wanasema, huzoea. Matamanio yao hupungua hadi yatoshe ndani ya kile wanachoruhusiwa. Mwanamke aliyekatazwa shule anaanza kusema kwamba yeye shule haipendi hata. Mfanyakazi asiyelipwa vizuri anasema pesa si kila kitu. Sungura na zile ndizi zake mbichi, sote tunamjua. Mtu wa namna hiyo akisema ameridhika, kuridhika kwake hakutoshi kuthibitisha kwamba anatendewa haki. Je, Jane hakuwa hivyo? Amezoea kufua, akaambiwa atafua milele, akasema amina?

Hapa ndipo kumbukumbu za maisha yake zinapomwokoa kutoka kwetu sote, wanaomhurumia na wanaomsifu.

Desemba 1884 alimwandikia John Taylor, rais wa kanisa wakati huo. Alijua vizuri anachoambiwa kuhusu rangi yake, akakitaja. Kisha akajenga hoja: Mungu alimwahidi Ibrahimu kwamba kupitia uzao wake mataifa yote ya dunia yatabarikiwa. Yote. Basi na mimi je, baraka yangu iko wapi? Mwanamke ambaye hakuwa na elimu ya kutajika aliwachukulia viongozi andiko lao wenyewe akawarudishia, kama mtu anayeonyesha risiti.

Mwaka 1888 wakampa kibali cha kubatizwa kwa niaba ya jamaa zake waliokufa, ibada ya ngazi ya chini hekaluni, na wakamwambia aridhike na hilo. Hakuridhika. Mwaka 1890 aliandika tena, akiomba, pamoja na mengine, aunganishwe na Walker Lewis, mzee wa kanisa Mweusi kutoka Massachusetts ambaye alikuwa amepewa ukuhani zamani. Tazama ujanja wake: kama shida ni kwamba mwanamume Mweusi hawezi kuwa na ukuhani, basi huyu hapa ambaye alikuwa nao. Na ombi la kuingizwa katika familia ya Smith kama mtoto alilirudia na kulirudia, akiwakumbusha kwamba ofa hiyo ilitoka kwa Emma mwenyewe.

Halafu ikaja 1894, wakamfanya mtumishi wa milele. Nafikiri waliokaa kwenye kikao hicho walidhani wamefanya wema. Mzee wa watu amesumbua sana, ana imani, tumpe kitu. Tumtafutie nafasi ambayo haivunji sheria yetu.

Alifanya nini? Mwaka uliofuata, 1895, viongozi walikuwa mezani tena wanajadili ombi lake. Lile lile.

Huyu si mtu ambaye matamanio yake yalikonda yakatosha kwenye mlango. Mlango ulikuwa mdogo, na yeye akakataa kuinama. Miaka kumi na zaidi ya majibu mabaya haikumfundisha kutaka kidogo. Nadhani hicho ndicho kipimo cha kweli cha tofauti kati ya uaminifu na kudanganywa. Usiulize tu kama mtu amebaki. Uliza kama anachodai kimepungua. Aliyevunjwa moyo anasema, "Hata hiki kinatosha, bora uhai." Jane alisema: nilichoahidiwa ni kuwa mtoto.

Mwanauchumi Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu akiona taasisi yake inaharibika ana njia mbili, kutoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomfanya mtu apaze sauti badala ya kuondoka haraka. Wengi wetu tunafikiri uaminifu ni kunyamaza. Kwa Hirschman, na kwa Jane, ni kinyume: nabaki, kwa hiyo mtanisikia. Lakini Hirschman huyo huyo aliona kwamba sauti ya mtu asiyeweza kutoka kabisa ni rahisi kupuuzwa. Viongozi wa Utah walijua Jane haendi popote. Wangeogopa nini?

Hapo ndipo panaponisumbua. Sitaki kuandika makala ya kusifu subira. Tumelelewa na "mvumilivu hula mbivu", lakini hebu tuhesabu. Jane alikufa tarehe 16 Aprili 1908. Marufuku ya rangi iliondolewa Juni 1978. Miaka 70! Mbivu zililiwa na watu wengine kabisa. Na katika miaka hiyo yote, kubaki kwake kulitumika vipi? Kulikuwa ushahidi mzuri kwa waliomnyima: tazameni, hata dada Jane ameridhika, ana kiti chake maalumu karibu na mbele pale Tabernacle, ukumbi mkubwa wa ibada. Ndiyo, alipewa kiti. Yeye na kaka yake walitengewa nafasi wakaonekana na kila mtu. Kuonekana walikuwa hawana shida nako.

Sisi tunaijua heshima ya aina hiyo. Katika nyumba ngapi za Nairobi dada wa kazi anaitwa "mtu wa familia"? Anasifiwa mbele ya wageni: huyu amelea watoto wangu, sijui ningefanyaje bila yeye. Wageni wakishaketi mezani, yeye anakula jikoni, na akizeeka anarudi kwao na blanketi na nauli. Hakuna aliyemchukia. Pengine walimpenda kweli. Lakini upendo usiotaka kubadilisha nafasi ya mtu ni wepesi mno kwa anayeutoa, na anayeupokea ndiye anayeubeba. Waliomuunganisha Jane kama mtumishi hawakumtukana. Walimpa mapenzi yao yote ukiacha kile kimoja alichoomba.

Kwa hiyo nasema hivi. Kubaki kwa Jane kunaweza kuwa sahihi bila kuwa amri kwa mtu mwingine. Ni yeye pekee aliyekuwa na haki ya kuuchukua mzigo ule. Kiongozi wa kanisa, mwajiri, mzazi au mume hana haki ya kumwonyesha mtu sanamu ya Jane na kumwambia: unaona mwenzako alivyovumilia? Subira ni kitu mtu anaweza kujidai mwenyewe. Ukianza kumdai mwenzako subira, huku wewe ndiye unayeshikilia ufunguo, umeshaingia kwenye udhalimu. Na walioondoka, maana wako wengi waliochoka wakaenda zao, hawakuwa na imani haba. Walipima wakaona shamba hilo hawalihitaji, au wana njia nyingine ya kulifikia.

Baki swali la fidia. Mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya marufuku kuondolewa, ibada aliyonyimwa Jane ilifanywa kwa niaba yake hekaluni. Kwa imani ya Wamormoni, ibada hiyo inaweza kumfikia alipo. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo rasmi yanayozikana nadharia za zamani kuhusu laana na rangi. Mwaka 2022 sanamu za Jane na za wale wanaume watatu, Flake na wenzake, ziliwekwa katika bustani ya kumbukumbu mjini Salt Lake City. Na kwetu pia hadithi imefika: Mei 2025 Wamormoni walizindua hekalu lao hapa Nairobi. Mkenya muumini anaweza leo kuingia na mume wake, na watoto wake, akafanyiwa ibada ambayo Jane aliiomba hadi macho yakafifia. Hakuna anayeuliza rangi.

Je, hilo linatosha? Rafiki yangu mmoja anasema ni mzaha: umemnyima mtu chakula akiwa hai, ukampelekea sahani kaburini. Namwelewa. Lakini nadhani kuna kitu anakikosa. Deni kwa mfu, kama linalipika kabisa, hulipwa kwa sarafu ambayo mfu mwenyewe aliithamini. Jane hakuomba sanamu. Hakuomba makala ya kijana wa Nairobi anayemuita mwanaharakati. Aliomba ibada. Kwa hiyo ile ya 1979, ambayo wengi wetu tunaweza kuiona kama karatasi tu, ndiyo iliyokaribia zaidi kumpa alichotaka.

Pasipolipika ni pengine. Miaka ile kati ya 1884 na 1908, mwanamke mzee akingoja barua, haina ibada ya kuirudisha. Na hatari iliyobaki ni kwamba tutamgeuza mtumishi mara ya pili. Kanisa linaweza kumtuma aseme kwamba mambo yalikuwa sawa, tazama imani yake. Sisi wengine tunaweza kumtuma aseme kwamba dini yote ni utumwa. Pande zote mbili anafanya kazi ya mtu mwingine, na bado hajaulizwa.

Bahati nzuri alijisemea. Miaka ya mwisho ya maisha yake, akiwa karibu kipofu, alimsimulia mwanamke mmoja historia yake ili aiandike, akataka isomwe kwenye mazishi yake. Humo yamo maili 800, imo miguu iliyotoka damu, na limo swali la Emma, lile la kuwa mtoto, limeelezwa wazi. Anasema pia kwamba imani yake ina nguvu kuliko siku aliyobatizwa. Alitaka hayo yote mawili yasikike kwa pamoja: bado naamini, na bado nakumbuka nilichoahidiwa.

Kwenye mazishi hayo alizungumza rais wa kanisa, Joseph F. Smith, mpwa wa nabii. Ndiye aliyesimama kwa niaba ya Joseph Smith siku ile ya 1894 kumpokea Jane kama mtumishi. Sasa alikuwa amesimama mbele ya jeneza lake, mbele ya umati, na mwanamke aliyelala humo alikuwa ameacha maagizo kwamba watu wakumbushwe aliitwa nini kwanza katika nyumba ile.